Makocha wa Montreal Canadiens: hata ukibeba kombe usifungue begi

Kuna swali naulizwa sana hapa sheli na madereva wanaonikuta usiku wa manane nimekodolea simu macho, eti ule mchezo wa kukimbizana kwenye barafu, hoki, kocha kazi yake nini, mana ukimuangalia kavaa suti na tai kasimama nyuma ya benchi anatafuna bigijii, haingii uwanjani, hapigi kelele kama makocha wetu, mechi ikiisha anaondoka zake. Nimeona nijibu hapa mara moja yaishe, na kwa kuwa timu yangu ni Montreal Canadiens ya Kanada basi nitajibu kwa makocha wa Canadiens, wenye timu zingine mtavumilia.

Kwanza muelewe, mechi ya saa moja jioni kule Montreal kipindi cha baridi yao huku kwetu inakuwa saa tisa usiku, na kwa sisi tunaopiga shifti ya usiku huku Uyole hiyo saa tisa ndo saa mbaya kuliko zote, baridi inakata, masemi ya Tunduma yamepungua, usipopata kitu cha kukuamsha unalala umesimama na pampu mkononi. Mpira wa miguu saa hiyo hamna. Nilianza na klipu za ngumi, mana wale jamaa wanazichapa kweli kweli na marefa wamesimama pembeni wanasubiri mmoja aende chini, baadae ngumi zikanichosha nikabaki na mchezo wenyewe, na nilivyouelewa mchezo ndo nikaanza kuwaangalia wale wazee wa suti.

Sasa iko hivi. Timu inavalisha watu 20, makipa wawili na wachezaji 18, ila barafuni wanakuwa watano na kipa wao. Hao watano hawakai. Sekunde 40, 45 hivi mtu keshaisha pumzi, anateleza mbio kurudi benchi, anaruka ule ukuta mfupi na mwenzie anaruka kuingia, na wakati huo mchezo unaendelea, paki (kile kisahani cheusi cha raba wanachokigombania) haijasimama hata kidogo. Hakuna kibao cha namba, hakuna kumsubiri refa, sabu hazina idadi. Mafowadi wanapangwa seti nne za watu watatu watatu, mabeki jozi tatu, na kocha ndo anayetaja seti ipi inaingia sasa hivi, huku anaangalia mwenzie wa upande wa pili kaingiza kina nani, mana hutaki seti yako ya vibonde ikutane na mastraika wao hatari. Mchezo ukisimama, timu ya nyumbani ndo inayobadilisha mwisho, yaani kocha mwenyeji anasubiri mgeni amalize kuonesha karata zake afu yeye ndo anatupa ya kwake. Kwa hiyo yule mzee unayemuona anatafuna bigijii kichwani kwake pana moto.

Mnataka mfano, haya. Tarehe 10 Mei 1979, nusu fainali, mechi ya saba (mtoano wao timu mbili zinarudiana mpaka moja ishinde mechi nne), Canadiens na Boston Bruins pale ukumbi wa Forum mjini Montreal. Boston wanaongoza 4-3 na zimebaki dakika mbili na nusu hivi, wanakaribia kuitoa timu iliyokuwa imebeba kombe miaka mitatu mfululizo. Katika kubadilishana wakajikuta wamejaa barafuni kuliko idadi inayoruhusiwa. Msaidizi wa refa kaona, kapuliza, mmoja akakae nje dakika mbili. Guy Lafleur akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 74, Yvon Lambert akafunga kazi kwenye dakika za nyongeza, 5-4, na Montreal wakaenda kulibeba tena. Kocha wa Boston, Don Cherry, msimu uliofuata hakuwepo pale. Kosa lenyewe ni kuhesabu watu. Mtu kashindwa kuhesabu mpaka tano, na kibarua kimeota nyasi.

Ila huko ni kwenye benchi. Kwa Montreal kazi ngumu ya kocha haipo kwenye benchi, ipo mtaani.

Hii timu ilianzishwa 1909, yaani ni kongwe kuliko ligi yenyewe ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, ambayo imeanza 1917. Ina makombe ya Stanley (ndo kombe la ubingwa wenyewe) 24, hamna timu inayoisogelea sana, na la mwisho ni la 1993, kwa hiyo mashabiki wake ni watu wenye historia nzito na njaa kubwa kwa wakati mmoja, mchanganyiko ambao mtu wa Simba au Yanga anaujua vizuri. Juu ya hapo Montreal ipo jimbo la Quebec, na Quebec watu wanaongea Kifaransa ndani ya nchi ambayo wengi wanaongea Kiingereza, na miaka mingi sana wale Wafaransa wa Quebec walikuwa wanajiona wamekaliwa, mabosi wa viwanda Waingereza, wenyewe vibarua. Canadiens ikawa ndo sehemu yao ya kupumulia. Kwa hiyo anayekalia kile kiti anaangaliwa na uongozi, na wachezaji, afu na mji mzima, na hao wa mwisho ndo wakali.

Hili lilionekana wazi 1955. Kocha alikuwa Dick Irvin, yupo pale tangu 1940, kabeba 1944, 1946 na 1953, na staa wake ni Maurice Richard, mtu ambaye kwa Wafaransa wa Quebec alikuwa zaidi ya mchezaji. Richard alikuwa na hasira za karibu, na ndani ya klabu kulikuwa na waliosema Irvin badala ya kumtuliza anamtia petroli. Machi ile kwenye mechi ya Boston Richard akampiga msaidizi wa refa, rais wa ligi Clarence Campbell akamfungia mechi zote zilizobaki mpaka msimu uishe, na mtoano ndani yake. Tarehe 17 Machi huyo Campbell akaja mwenyewe uwanjani Montreal kuangalia mechi, akakaa kabisa kwenye kiti chake! Wakamrushia mayai na nyanya, bomu la machozi likalipuka ndani ya ukumbi, mechi ikavunjwa, ushindi wakapewa Detroit waliokuwa wanacheza nao, na watu wakatoka nje kuvunja maduka mtaa wa Sainte-Catherine. Msimu ukaisha, Irvin akaenda Chicago.

Walichofanya baada ya hapo kilikuwa cha akili sana. Wakamchukua Toe Blake. Huyu alikuwa amecheza seti moja na huyo huyo Richard pamoja na Elmer Lach, wanajuana nje ndani, akaacha kucheza 1948 baada ya kuvunjika mguu, na Kifaransa anakijua kwa sababu mama yake ni wa huko. Hasira za Richard hazikuisha ila sasa kulikuwa na kaka mkubwa ndani ya nyumba. Blake akabeba kombe msimu wake wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. 1956 mpaka 1960 mfululizo, na mpaka leo hamna timu iliyorudia. Baadae akaongeza 1965, 1966 na 1968, akaacha mwenyewe akiwa na manane katika misimu 13. Anavaa kofia yake ya kizamani, sura imekunjamana muda wote.

Na alikuwa mbishi. Zamani makipa wa hoki walikuwa wanadaka uso mtupu, fikiria paki ngumu ile inakuja kwa spidi na wewe umeinama. Kipa wake Jacques Plante alikuwa anavaa kinyago mazoezini, kwenye mechi Blake hataki, anaona kitamzuia kuona vizuri na pia ni kama kuonesha uoga. Tarehe 1 Novemba 1959, New York, Andy Bathgate akamchapa Plante shuti la usoni, damu, akaenda kushonwa. Wakati ule timu hazikuwa na kipa wa akiba benchi. Plante akasema sirudi bila kinyago. Mechi imesimama, ukumbi mzima unasubiri, kocha hana pa kutokea, akakubali. Wakashinda 3-1 na wakaendelea kushinda, ila mzee hakuridhika bado, Machi 1960 Plante akacheza mechi moja Detroit bila kinyago, wakala 3-0, kinyago kikarudi na suala likafungwa. Mwisho wa msimu kombe la tano. Leo kipa akiingia uso wazi hata refa hataanzisha mechi.

Baada ya Blake ndo mambo yakawa vurugu, na hapa ndo utamu wenyewe kwangu.

Claude Ruel alipewa timu akiwa kijana, mtu aliyeacha kucheza akiwa na miaka 19 kwa sababu ya kupoteza jicho moja. Msimu wa kwanza, 1969, kombe. Msimu wa pili, hata mtoano hakuingia, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1948, na namna alivyotolewa ndo stori ninayoipenda kuliko zote. Siku ya mwisho ya ligi, Aprili 1970, Montreal na New York Rangers wanagombania nafasi ya mwisho. Mchana Rangers wakashinda 9-5, pointi zikalingana 92 kwa 92, kwa hiyo itaangaliwa nani kafunga magoli mengi. Usiku Montreal wapo Chicago, hesabu inasema wasipopata pointi basi angalau wafunge matano. Dakika zikawa zinayoyoma, 5-2 Chicago wanaongoza. Kushinda keshajua hamna, anachohitaji ni magoli matatu tu, kufungwa hakuna maana tena, ukifungwa sita au ishirini ni sawa. Kwa hoki kocha anaruhusiwa kumtoa kipa na kuweka mchezaji wa sita, kawaida wanafanya hivyo dakika moja au mbili za mwisho. Ruel akamtoa kipa zimebaki dakika tisa na ushee. Goli lipo wazi kabisa. Chicago wakafunga la sita, la saba, la nane, la tisa, la kumi, yote kwenye goli tupu, na Montreal hawakupata hata moja. 10-2. Rangers wakapita kwa magoli 246 kwa 244. Watu walimcheka sana Ruel ila mimi sijawahi kuona alikosea wapi, hesabu zake zilikuwa sahihi, wachezaji ndo hawakufunga.

Desemba 1970 Ruel akaondoka, akapewa msaidizi wake Al MacNeil, mtu wa Nova Scotia, Kifaransa hajui. Na MacNeil huyu ndo nilikuwa namtafuta tangu mwanzo. Timu akaipeleka mtoano, mtoano akamuweka golini kijana anaitwa Ken Dryden ambaye alikuwa amecheza mechi sita tu za ligi, sita, dhidi ya Boston waliokuwa mabingwa watetezi na wanafunga kama hawana akili nzuri. Kocha gani anathubutu hivyo! Dryden akawatoa Boston, wakaenda mpaka fainali na Chicago. Mechi ya tano MacNeil akamuweka benchi Henri Richard, mdogo wake Maurice, mkongwe mwenye makombe kibao. Henri akawaka mbele ya waandishi, akasema huyo ndo kocha mbovu kuliko wote aliowahi kuwachezea. Hapo sasa limeshakuwa la Mwingereza na Mfaransa, mji ukachemka, vitisho vikaanza, mechi ya sita kocha akasimama benchi na walinzi. Kocha yupo nyumbani, kwenye fainali, analindwa dhidi ya mashabiki wake mwenyewe.

Mechi ya saba, tarehe 18 Mei 1971, Chicago. Wenyeji wakaongoza 2-0. Mwisho wake Montreal 3-2, na aliyefunga la kusawazisha na la ushindi ni nani? Henri Richard. Yule yule. MacNeil akamrudisha uwanjani mtu aliyemtukana hadharani na mtu huyo akampa kombe.

Wiki chache baadae MacNeil akatolewa, akapelekwa Halifax kufundisha timu ya chini ya klabu hiyo hiyo. Kombe bado halijapata vumbi. Na huko Halifax hakununa, akaenda kubeba kombe la ligi ya chini mara tatu.

Nikiwapigia hii stori madereva hapa huwa wanagawanyika. Kuna mzee mmoja wa Tunduma, mtu wa semi, aliniambia mdogo wangu hilo mbona la kawaida, kocha Gamondi si alibeba ubingwa na Yanga 2024, Novemba mwaka huo huo kaambiwa asante. Nikamwambia sawa mzee, ila Gamondi alifungwa mechi ndo akatolewa, huyu katolewa kwa kushinda. Akacheka akasema mpira ni mpira tu, weka mafuta ya laki tatu.

Suala la lugha mimi siwalaumu sana watu wa Montreal, niseme ukweli. Kocha haongei na wachezaji peke yao, kila siku anasimama mbele ya vipaza sauti kuwaambia watu kwa nini wamefungwa, na mtu aliyelipa tiketi anataka kuelezwa kwa lugha yake. Huku kwetu si mnakumbuka Mbeya City ya 2013/14, imepanda daraja tu ikamaliza ya tatu, Sokoine palikuwa hapatoshi, kocha Juma Mwambusi akisema neno baada ya mechi jioni hiyo hiyo linajadiliwa Mwanjelwa mpaka Mbalizi, hamna wa kutafsiri katikati. Hiyo ina raha yake na mtu asikudanganye. Kwa hiyo kusema tunataka kocha anayeongea na sisi ni haki. Kumtoa mtu mwenye kombe mkononi ndo siwezi kutetea, hapo mimi na wao tunaachana njia panda.

Ila sasa, na hii ndo inauma, aliyechukua nafasi ya MacNeil ni Scotty Bowman, kwa hiyo uongozi ulionekana una akili kweli. Bowman kazaliwa Verdun, hapo hapo Montreal, Mwingereza anayeongea Kifaransa. Alikuwa mchezaji kijana, 1952 akapigwa fimbo ya kichwa na Jean-Guy Talbot, ndoto ya kucheza NHL ikaishia hapo, na miaka mingi baadae akiwa kocha wa St. Louis Blues huyo Talbot akawa mchezaji wake, na akamchezesha. Montreal akakaa 1971 mpaka 1979, makombe matano, 1973 afu 1976 mpaka 1979 yote manne. Msimu wa 1976/77 mechi 80, kashinda 60, sare 12, kafungwa nane, na nyumbani kafungwa moja tu msimu mzima. Pointi 132, rekodi iliyokuja kuvunjwa na Boston 2022/23 walipopata 135, na hao walicheza mechi 82.

Wachezaji hawakumpenda. Mmoja wao, Steve Shutt, alisema kitu kama hiki, kwamba unamchukia siku 364 na siku iliyobaki unapokea pete ya ubingwa. Alikuwa anakupanga leo na kukukausha kesho bila kukuambia sababu, uishi roho juu. Na yeye nae wakamkosa, alitaka awe meneja mkuu wa timu, kiti wakampa Irving Grundman, akabeba kombe la 1979 akahamia Buffalo. Akaja kumaliza na makombe tisa kama kocha na ushindi 1,244 wa ligi, hamna kocha wa NHL aliyefika hapo. Manne kati ya hayo kayabebea kwingine. Wamejipunja wenyewe.

Wa katikati nawapitia haraka. Bernie Geoffrion, gwiji wa zamani, alidumu mechi 30 akaacha mwenyewe. Jean Perron, katokea kufundisha chuo kikuu, akabeba 1986 msimu wake wa kwanza huku golini yupo kijana wa miaka 20 anaitwa Patrick Roy. Pat Burns alikuwa polisi, polisi kabisa wa kukamata watu, akaja na masharubu yake akaifikisha timu fainali ya 1989 na kupewa tuzo ya kocha bora, huyu ana mambo mengi ila mengi yake ni ya Toronto na New Jersey.

Tuje kwa Jacques Demers, mtu wangu.

Demers kabla ya ukocha alikuwa dereva wa gari la kusambaza Coca-Cola. Hii nikiisema hapa sheli watu wote wanageuka. Akapanda pole pole mpaka NHL, akafundisha St. Louis, Detroit akapata tuzo ya kocha bora mara mbili mfululizo, 1992 akaja Montreal nyumbani. Mtu wa furaha, anakumbatia wachezaji, tofauti kabisa na Bowman. Mtoano wa 1993 timu yake ikashinda mechi kumi mfululizo za dakika za nyongeza. Kumi! Dakika za nyongeza kwa hoki mtoano ni goli la kwanza mmemaliza, presha mtu wangu.

Fainali na Los Angeles Kings ya staa Wayne Gretzky. Mechi ya kwanza Montreal wakafungwa 4-1 nyumbani. Mechi ya pili, tarehe 3 Juni, wapo nyuma 2-1, imebaki dakika moja na sekunde 45, wakifungwa hii wanasafiri wakiwa nyuma 2-0. Demers akamuita refa Kerry Fraser, akasema naomba ipimwe fimbo (ile ya kupigia paki) ya Marty McSorley wa Kings. Sheria ya wakati ule mkunjo wa lile bapa la mbele usizidi nusu inchi, ukizidi paki inapaa vizuri zaidi ila ni haramu. Wakabeba fimbo mpaka pale kwa watunza muda, wakaleta kipimo, wakaingiza, na hata kwa macho tu kwenye ile video unaona nafasi imebaki. McSorley nje dakika mbili. Ila Demers hakuishia hapo, wenzie wanne, yeye ana watano, akamtoa Roy golini wakawa sita kwa wanne. Kipimo kingekuwa safi angepewa adhabu yeye, na goli tupu lingeweza kumtia aibu ya Ruel. Éric Desjardins akasawazisha. Dakika za nyongeza, sekunde ya 51, Desjardins tena. 3-2. Montreal wakamaliza fainali 4-1 na hilo ndo kombe la 24, hawajapata lingine.

Sasa subiri. Mwaka 2005 Demers akatoa siri kwenye kitabu cha maisha yake kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri. Utoto wake ulikuwa wa baba anayepiga mama na watoto, shule haikuingia kichwani kwa hofu, na akaficha maisha yake yote ya kazi. Yule mzee wa Tunduma nilivyomwambia hii alizima gari. Akauliza, sasa mikataba alikuwa anasainije? Nikamwambia anawapa makatibu wamsomee, mara kasahau miwani, mara akiwa Marekani anasema Kiingereza changu kibovu. Mzee akakaa kimya kidogo afu akasema kuna watu barabarani humu wanaishi hivyo, karatasi za mpakani anasoma utingo. Na stori haikuishia kwenye huruma, 2009 serikali ya Kanada ikamteua Demers kuwa seneta.

Montreal walimtoa Oktoba 1995, mechi za mwanzo tu za msimu. Miaka miwili na miezi kadhaa tangu kombe.

Aliyemrithi Mario Tremblay alikuwa mtangazaji, kocha hajawahi kuwa, sifa yake kucheza pale zamani na kuongea Kifaransa. Huyu ndo upande wa pili wa hii tabia yao, kwamba wakizidisha kutafuta mtoto wa nyumbani wanaokota yeyote. Desemba 2, 1995, nyumbani na Detroit, Roy akaachwa golini mpaka kafungwa tisa, mashabiki wanamzomea, akidaka shuti rahisi wanampigia makofi ya kejeli, nae akawanyanyulia mikono. Alipotolewa akampita Tremblay aliyesimama kakunja mikono, akaenda kwa rais wa klabu Ronald Corey aliyekaa nyuma ya benchi, akamwambia hii ndo mechi yangu ya mwisho hapa. Ikaisha 11-1. Siku nne baadae kauzwa Colorado, na Colorado wakabeba kombe 1996. Na kocha wa Detroit usiku ule, aliyekuwa anatazama hayo yote kutoka benchi la pili, ni Scotty Bowman.

Tangu hapo imekuwa mzunguko tu. Claude Julien alichukua nafasi ya Michel Therrien 2003, na 2017 akachukua nafasi ya Therrien yule yule tena. Desemba 2011 wakampa timu Randy Cunneyworth, Kiingereza tupu, watu wakaandamana nje ya ukumbi, mmiliki ikabidi atoe tamko kwamba kocha wa kudumu atakuwa wa lugha zote mbili, msimu ukaisha na Cunneyworth kaisha nao. Miaka 40 baada ya MacNeil. Dominique Ducharme akaifikisha fainali 2021, Februari 2022 timu inaburuza mkia, kwaheri.

Wakampa Martin St. Louis, ambaye alichokuwa anafundisha kabla ya hapo ni timu za watoto, wanawe wakiwemo. Watu walicheka, na mimi kwa sababu ya Tremblay niliogopa. Ila huyu ni mtu tofauti, mfupi wa sentimita 173 hivi ambaye hamna timu iliyomchagua alipokuwa kijana, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi 2004 na kubeba kombe na Tampa Bay mwaka huo huo. Akivaa ile suti ukimsikiliza anaelezea utafikiri mwalimu wa sayansi, anaongelea nafasi na muda badala ya kupiga watu. Timu ikawa mbovu misimu kadhaa na hawakumgusa, jambo geni kabisa kwa Montreal. 2025 wakaingia mtoano kwenye mechi yao ya mwisho ya ligi, Washington wakawatoa 4-1, na beki wao mdogo wa umbo Lane Hutson akachukua tuzo ya chipukizi bora. Kocha mwingine angemwambia yule mtoto aache mbwembwe, acheze salama. Huyu anamuacha acheze, anajua maana ya kuambiwa wewe mdogo.

Kifaransa anacho, kwao Laval ni jirani tu na Montreal, sura imeshazoeleka. Kilichobaki ni la 25.